Ijaza na Cheti: Juu ya Elimu ya Kazi kwa Njia ya Intaneti

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Nyamirambo, Kigali)



Zamani aliyetaka elimu iliyozidi ile ya mtaani kwake alifunga safari mpaka kwa mwalimu. Alikaa mbele yake, akasoma kitabu kwa sauti tangu mwanzo hata mwisho, akakosea, akasahihishwa. Na mwalimu aliporidhika ndipo alipompa ijaza. Thamani ya ijaza ile haikuwa katika karatasi, bali katika sikio la mtu aliyemsikiliza.

Leo mwenye kusafiri ni mwalimu. Mwaka 2011 walimu wawili, Sebastian Thrun na Peter Norvig, walifundisha somo la akili bandia kutoka Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kwa njia ya intaneti, bila ada. Walijiandikisha watu zaidi ya 150,000, na waliomaliza walizidi 20,000. Mwaka uliofuata zikaanzishwa Coursera na edX, na tangu hapo mwanafunzi wa chuo aweza, juu ya masomo yake ya darasani, kujifunza utunzaji wa hesabu, uandishi wa programu za kompyuta, au namna ya kuandika barua ya kazi.

Masomo hayo hukatwa vipande vya dakika chache. Kila kipande kina filamu yake, maswali hufuata, na mashine husahihisha papo hapo. Asiyefahamu hurudisha nyuma akasikiliza mara kumi, wala mwalimu hachoki wala hamkaripii. Hapana shaka hii ni faida kubwa kwa mwenye haya ya kuuliza mbele ya wenzake, na kwa mama ambaye saa yake ya kusoma ni usiku, watoto wakisha lala.

Lakini walio wengi hawafiki mwisho. Mwaka 2019 Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walitoa uchunguzi wao juu ya masomo ya Harvard na MIT yaliyokuwa katika edX. Zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakuingia darasani hata mara moja, na katika mwaka wa 2017 na 2018, kwa kila watu 100 walimaliza wapata 3 tu. Katika wale waliolipia cheti walimaliza 46. Mwenye kutoa fedha yake hujikaza, jambo lijulikanalo hata sokoni. Walakini hata hao, zaidi ya nusu walishindwa.

Hapa Kigali sababu si ngumu kuziona. Bando huisha katikati ya somo. Lugha ya masomo hayo aghalabu ni Kiingereza, ilhali wazazi wengi walisomeshwa kwa Kifaransa, kabla ya mageuzi ya mwaka 2008, basi mtoto akikwama hana wa kumwuliza nyumbani. Tena kusoma peke yako, na simu ile ile ikikuita kwenye mchezo wa mpira, ni jambo zito.

Dawa yake ilikwisha jaribiwa katika mji huu huu. Mwaka 2013 Kepler ilianza Kigali na wanafunzi 50. Walisoma masomo ya intaneti kutoka vyuo vya ng'ambo, lakini walikutana chini ya paa moja pamoja na walimu waliowaongoza. Shahada yao ilitoka Southern New Hampshire University ya Marekani, nayo haikupimwa kwa saa za kukaa darasani. Mwanafunzi alitoa kazi aliyoifanya, ikakaguliwa, na jibu likawa moja kati ya mawili: amemudu, au bado. Aliyeambiwa bado alielezwa kilichopungua, akarudi kuitengeneza. Mwaka 2015 mpango huo ulifika hata kambi ya wakimbizi ya Kiziba, huko magharibi ya nchi.

Neno hilo "bado" ndilo linalokosekana katika vyeti vingi. Wako vijana wanaoiacha filamu ijisemee huku wao wakipiga soga, kisha wakabahatisha majibu, maana mashine nyingi huruhusu kurudia, hata wakapata cheti. Siku tajiri anapomwambia mmoja wao, "Haya, nifungie hesabu za mwezi huu," hutazama kompyuta kama mgeni. Hasara hiyo si yake pekee. Humwangukia kila kijana atakayebisha mlango ule ule baadaye, hata aliyesoma kwa haki.

Yafaa chama kitenge chumba kimoja chenye meza, umeme na intaneti, jioni mbili kwa juma. Wamo wanachama makarani, mafundi umeme, wauguzi na wafanya biashara. Mmoja wao akikaa na vijana watano wanaosoma somo moja, akawauliza walichosikia na kuwapa kazi ya mikono, yeye ndiye atakayesema amemudu au bado, na cheti kitakuja nyuma ya neno lake. Kazi ya kwanza haiko mbali: ni daftari la michango la chama hiki, ambalo vijana wa hesabu waweza kulihamisha kwenye kompyuta mstari kwa mstari, mweka hazina akiwa ameketi kando yao na miwani yake.