Darsa ya Ramadhani: Wanetu wa Vyuo Vikuu na Mlango wa Mshauri Nasaha



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha usiku huu, na tunamswalia Mtume wake Muhammad, swalla Llahu alayhi wasallam. Wazee wetu, mama zetu, na nyinyi wanetu mlioko vyuoni hapa Uingereza, leo tumekusudia kulizungumza jambo ambalo tumelinyamazia mno.

Mwaka uliopita kijana mmoja wetu aliacha kuhudhuria masomo. Usiku hapati usingizi, mchana hanyanyuki. Tulipopata habari tulifanya nini? Wa kwanza alisema ni husuda. Wa pili akasema ni jini. Wa tatu akamwamrisha azidishe swala, pasi na kumuuliza lolote. Siku tulipomsikiliza, alituambia: "Swala sikuiacha hata siku moja. Nilikuwa nikilia katika sijda, na nikinyanyuka bado siwezi kufungua kitabu." Tuliona haya.

Hatusemi kuwa kisomo na dua havina faida. Lakini Nabii Yaaqub, alayhi salaam, alihuzunika mpaka macho yake yakaingia weupe, na hakuna athubutuye kusema kuwa imani yake ilikuwa chache. Na zaidi ya miaka 1,000 iliyopita Abu Zayd al-Balkhi aliandika kitabu juu ya masilahi ya miili na nafsi, akaeleza kwamba nafsi nayo huugua na hutibiwa. Basi asituambie mtu kuwa haya ni mambo ya Wazungu.

Tuueleze utaratibu, maana wengi hatuujui. Vyuo vikuu vya hapa kwa kawaida vina ofisi ya ushauri nasaha, na mwanafunzi halipi kitu. Unajaza fomu, unaitwa kwa mazungumzo ya kwanza, kisha unapangiwa vikao, aghalabu vichache. Foleni huweza kuwa ndefu. Usingoje wiki ya mitihani. Waweza kuomba mshauri mwanamke, au anayeijua dini yetu, ingawa hatuahidi kuwa utampata. Na mwenye fikra za kujidhuru asingoje miadi: maisha yakiwa hatarini apige 999, na akitaka wa kumsikiliza, Samaritans wapo kwenye 116 123, bila malipo, usiku na mchana.

Wazazi wanauliza: je, tutaambiwa? Mtoto akishatimiza miaka 18, maneno yake hayaletwi kwetu bila ya ridhaa yake. Siri hiyo haifunguliwi ila kwa dharura, kama vile panapohofiwa maisha. Wako waliochukizwa na hilo. Sisi tunaliona ni rehema, kwani, tukisema kweli, siri za watoto wetu hazikutoka kwa mshauri. Zilitoka barazani, kabla kahawa haijapoa.

Kijana yule alikwenda vikao sita, na chuo kikamruhusu kuifanya mitihani baadaye. Siku nyingine bado humlemea. Yumo humu msikitini usiku huu, na ametupa idhini tuyaseme haya bila ya jina. Tafadhalini, msigeuke kumtafuta. Tusimameni, safu zinapangwa.