Picha za Maonyesho Makuu ya Dunia
(Maneno waliyoambiwa watu wa Kibera na Kawangware kabla ya sinema)



Sinema mtakayoiona leo ni habari ya maonyesho makuu ya dunia. Afrika ya Mashariki si ngeni katika mambo hayo. Mwaka 1924 yalifunguliwa maonyesho ya Wembley, pembeni mwa London, na nchi zetu zilikuwa na jumba lao huko. Wakati huo Kibera ilikuwa imekwisha kuwa makao ya askari Wanubi wa K.A.R. na jamaa zao. Lakini jumba la biashara huonyesha mazao, haliwezi kuonyesha baraza ya mtu.

Idara ya sinema za makoloni, iliyoundwa London mwaka 1939, ilituletea picha ya Mwingereza nyumbani kwake. Kwa picha ile tulimwona yeye mezani pake, bali yeye hakutuona sisi petu. Kubadilishana gani huko?

Mwaka 2011 lilianza tamasha la filamu za mitaa ya mabanda, Kibera na Mathare. Kawangware nayo isikubali kubaki nyuma.

Basi mtazamapo majumba ya mataifa, angalieni pia mwenye kamera amesimama upande gani. Watoto wakae mbele. Taa zizimwe.