Binti wa Mwamududa

 

Wasikilizaji, mwezi huu wa Julai ndio tunamkumbuka Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliyefariki tarehe 19 Julai 1898. Leo nilijipanga kuanza na vita vyake vya Lugalo dhidi ya Wajerumani, 1891, kisha fuvu lake lililorudishwa Kalenga mwaka 1954. Lakini mama mmoja wa Iwawa, huko Makete, ametuandikia: kila mwaka ni baba, babu na watoto wa kiume tu, mabinti wa ukoo ule walikuwa wapi? Mama, asante sana. Lugalo itasubiri.

Twende Ng'uruhe, Kilolo ya leo, vizazi kadhaa kabla ya Mkwawa. Wazee wa Kihehe wanasimulia kwamba alifika mwindaji mgeni aitwaye Mufwimi. Mtawala wa pale, Mwamududa, alikuwa na binti, Semduda. Mgeni na binti wakapendana, binti akapata mimba. Mtoto alipozaliwa, Mufwimi hakuwepo tena. Akabaki Semduda na mtoto wake wa kiume, Muyinga, nyumbani kwa baba yake.

Hebu mfikirieni huyo dada! Binti wa mtawala, ana mimba ya mpita njia, na mpita njia mwenyewe hayupo. Nani kati yetu hajui binti wa namna hiyo anavyosemwa kisimani? Lakini mtoto yule ndiye aliyekuja kutawala, na kwake ndiko ukoo wa Muyinga ulikoanzia, ukamfikia Munyigumba, kisha mwanawe Mkwawa.

Kuna simu kutoka Makambako. Baba anasema mtoto ni wa baba yake, hivyo tusimpe binti sifa isiyo yake. Mzee wangu, shikamoo. Ukoo ni wa baba, sawa. Lakini kiti cha utawala? Mufwimi alikuja na mkuki. Kiti hakuwa nacho. Kiti kilikuwa cha Mwamududa, babu mzaa mama. Muyinga alikipata kwa njia gani kama si kwa tumbo la Semduda? Narudia, mzee wangu: tumbo la Semduda! Mtoeni huyo binti, na Muyinga ni mtoto wa mgeni asiye na hata shamba la kulima.

Na tumfuate mjukuu wa mbali wa Semduda: Chifu Adam Sapi Mkwawa, aliyelipokea fuvu la babu yake pale Kalenga, akawa Spika wa Bunge letu mwaka 1962. Naye mnyororo wake unapita kwa Semduda.

Sasa nyie wa Makete. Wazee wa Kikinga, bibi zenu waliwasimulia binti gani aliyepitisha kiti kwenda kwa mwanawe? Simu ziko wazi, na kina mama waanze.