Toba Inayofika Mizanini

Hotuba iliyotolewa katika Sherehe za Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika



Usharika unapotimiza miaka 100, hesabu nyingi husomwa mbele ya watu: idadi ya waliobatizwa, waliopata Kipaimara, waliofunga ndoa takatifu, na majengo yaliyosimamishwa kwa jasho la waumini. Hesabu hizo ni njema, na Mungu ashukuriwe kwa ajili yake. Lakini iko hesabu nyingine isiyoandikwa katika vitabu vya usharika, nayo ni ya mambo ambayo Neno lililohubiriwa kanisani limeyageuza sokoni, shambani na nyumbani.

Habari ya Zakayo, katika Injili ya Luka sura ya 19, ni mfano wa hesabu hiyo. Yesu alimwita mtoza ushuru huyo ashuke mtini kabla hajarudisha hata senti moja. Neema ilitangulia. Lakini neema ilipoingia nyumbani mwake, Zakayo alisimama, akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa kila aliyemdhulumu malipo mara nne. Katika Hesabu 5:7, mtu aliyekiri kosa alitakiwa kurudisha mali yenyewe pamoja na sehemu ya tano juu yake. Zakayo hakutafuta kipimo chepesi. Aliyekuwa na furaha ya kusamehewa hakuona uchungu wa kulipa.

Wazee wa Buhaya hawakuhitaji kusimuliwa jambo hilo kama habari ya mbali. Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, ulivuka pia hadi Buhaya. Askofu Josiah Kibira, aliyekuja kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani, kuanzia mwaka 1977 hadi 1984, alikuwa mmoja wa ndugu wa uamsho huo. Popote ulipofika, watu walitambua toba ya kweli kwa alama moja iliyo wazi: aliyeiba alirudisha, mwenye deni alilipa, na waliokosana walitafutana. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Uamsho uliwafundisha watu kwamba hata deni lililosahauliwa na mdai halijasahauliwa na Mungu.

Fundisho hilo si geni kwa Walutheri. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, ambayo Martin Luther aliikusudia isomwe na wenye nyumba pamoja na jamaa zao, amri ya saba haiishii kwa mwizi avunjaye mlango. Inamgusa pia ajipatiaye mali ya jirani kwa biashara ya hila. Tena haiishii kwenye katazo, bali inamtaka Mkristo amsaidie jirani yake kuitunza na kuiendeleza mali yake na riziki yake.

Hapo ndipo Neno linapofika kwenye kibanja. Kila mtu katika nchi hii ya migomba na kahawa anaijua butura. Kahawa ingali maua au ingali mbichi mtini, mwenye kibanja anabanwa na ada ya shule, dawa au msiba. Mwenye fedha humjia, humpa kiasi kidogo, na wakati wa mavuno huondoka na kahawa ambayo thamani yake ni kubwa kuliko fedha aliyoitoa. Serikali imeipiga vita butura, lakini sheria haiwezi kusimama chini ya kila mbuni. Mnunuzi hujitetea kwamba muuzaji alikubali kwa hiari. Hiari ya mama mwenye mtoto mgonjwa mgongoni ni hiari ya namna gani?

Siku ya Jumapili mnunuzi na muuzaji huketi katika kanisa moja na kuiendea Meza moja ya Bwana. Yamkini sadaka ya mnunuzi ndiyo kubwa kuliko zote, nayo husomwa kwa sauti na kupigiwa vigelegele. Zakayo hakusema atalipa mara nne hekaluni. Alisema atamlipa yule aliyemdhulumu. Na katika Mathayo 5:23-24, Bwana anaagiza sadaka iachwe kwanza mbele ya madhabahu mpaka ndugu wapatane. Kanisa linalopokea sadaka bila kuuliza habari za huyo ndugu linamnyima mtoaji nafasi ya toba.

Wala si mnunuzi peke yake anayeitwa. Muuzaji anayeiuza kahawa ileile kwa watu wawili naye amemdhulumu jirani. Usharika nao unalo fungu lake, kwa maana mama yule asingeuza maua ya kahawa kama angalipata mkopo mdogo usio na faida kutoka kwa Wakristo wenzake. Mzee wa kanisa anayefika nyumbani kwake kabla ya mnunuzi kufika ameitimiza amri ya saba kwa miguu yake.

Hakuna anayeokolewa kwa kurudisha kahawa. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 linafundisha kwamba imani haina budi kuzaa matunda mema, ila tumaini la kuhesabiwa haki haliwekwi juu ya matunda hayo. Lakini mti usiozaa huulizwa habari zake.

Karne ya pili ya usharika huu inaanza. Heri ianze kwa mtu mmoja kubisha hodi nyumbani kwa jirani, mkononi akiwa na kile kisichokuwa chake. Siku hiyo Bwana atasema tena kwamba wokovu umefika katika nyumba hii.

Mungu aubariki Usharika. Amina.