Kazi za Kompyuta na Siku za Familia
(Maneno yaliyotolewa mbele ya mkutano wa kuadhimisha miaka kumi ya kikundi)



 Tunaishukuru kamati ya maandalizi kwa kutupa nafasi hii sisi wanachama tunaofanya kazi za kompyuta na simu. Wengine wetu tunaandika programu, wengine tunalinda mitambo isizimike, wengine tunawafundisha wasichana kazi hiyo hiyo. Kamati ilituomba tueleze jinsi tunavyokwenda na kazi hizi huku tukizaa, tukilea, tukioza na tukizika kama akina mama wote. Tutasema yaliyo ya kwetu, lakini tunaamini hata mwenye genge na mwenye cherehani atapata lake.

Kwanza tueleze kazi yenyewe, maana wapo wanaodhani ni ya kukaa kwenye kiti na kupulizwa na feni. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na hapa kwetu Tanzania mwaka 2008. Tangu hapo fedha hazilali. Mwanachama anayetuma mchango wake saa nne usiku, na katibu akaupata saa nne hiyo hiyo, hafikirii kwamba mahali fulani yuko mtu wa zamu anayeangalia mitambo. Ikikwama, mtu huyo anapigiwa simu hata kama ananyonyesha. Hilo ni jambo la kwanza.

La pili ni kwamba elimu ya kazi hii inachacha upesi kama maziwa. Fundi cherehani akipumzika mwaka mmoja, akirudi anaikuta cherehani yake vile vile. Sisi tukipumzika mwaka, tunakuta wenzetu wamehamia programu nyingine na vyeti vingine. Kwa hiyo watu wa fani yetu hukutana kufundishana, katika kumbi kama ile ya Buni Hub iliyoanzia pale COSTECH, Kijitonyama. Humo ndimo mtu anaposikia kazi imetangazwa, na humo ndimo anapojulikana kuwa anajua. Asiyeonekana anasahauliwa.

Na mikutano hiyo huwa lini? Jioni na Jumamosi. Na sisi akina mama Jumamosi ni ya nani? Jamani, si mnajua wenyewe. Kuna kikao cha harusi, sendofu, arobaini ya mtoto wa jirani, hitima, mahafali na vikao vya ukoo. Mwanamume wa fani yetu akikosa kikao cha harusi, anatuma mchango na watu wanasema yuko kazini. Sisi tukikosa, watu wanasema tumejiona. Tukikosa mkutano wa fani nako, wanasema tumeolewa, basi tumekwisha.

Mwenzetu mmoja alikwenda kwenye usaili wa kazi akaulizwa anatarajia kuzaa lini. Vijana wa kiume waliokuwa naye kwenye foleni hawakuulizwa. Wawili kati yetu waliiacha kazi hii baada ya mtoto wa pili, na si kwamba waliichoka. Na leo hii, tunapozungumza, yuko mwanachama mwenzetu mwenye mimba ya miezi sita ambaye bado hajajua kama atarudi kwenye kiti chake. Ndiyo maana hatukuja kusema maneno ya kupendeza tu. Tumekuja na maombi, na tutayafikia.

Kabla ya hapo, tuijue sheria, kwa kuwa asiyejua haki yake huiomba kama hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Anatakiwa amwarifu mwajiri miezi 3 kabla ya tarehe ya kujifungua, akiwa na cheti cha daktari. Akina mama wengi huficha mimba kwa hofu mpaka muda huo unapita. Tusifiche. Karatasi ipelekwe, na nakala ibaki nyumbani.

Sheria hiyo hiyo inamkataza mwajiri kumpanga mama zamu ya usiku, yaani kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, katika miezi 2 ya mwisho ya mimba na miezi 2 baada ya kujifungua. Kwa sisi wa mitambo kifungu hiki ni dhahabu, lakini ni wachache wanaokijua. Vile vile mama anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa mbili katika saa za kazi ili amnyonyeshe mtoto. Na baba naye hakusahauliwa: ana likizo ya angalau siku 3 mtoto anapozaliwa. Waume zetu mlioko hapa, siku hizo mzichukue, na mzitumie nyumbani, siyo kijiweni.

Hata hivyo sheria inatufikisha nusu ya njia. Hebu tupige hesabu kama tunavyopiga za hisa. Siku 84 ni wiki 12. Mama akianza likizo wiki 4 kabla ya kujifungua, anarudi kazini mtoto akiwa na wiki 8. Kliniki inatuambia mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, ambayo ni kama wiki 26. Zinabaki wiki 18 zisizo na mwenyewe. Tena zile saa mbili za kunyonyesha, kama kazi iko Posta na mtoto yuko Mbagala, zinaishia barabarani. Baadhi yetu tumeelewana na wakubwa wetu tutoke saa mbili mapema, na hilo limesaidia. Lakini wiki hizo 18 ndizo zinazowatoa wanawake katika fani yetu. Harusi ni ya siku moja, na msiba una siku zake. Shida kubwa iko katika miezi ile ya kurudi, wakati bibi ameshaondoka kwenda kwake, msichana wa kazi bado ni mgeni, na kazini kila kitu kimebadilika jina.

Tuwape mfano wa mbali kidogo, wa watu waliotutangulia. Kule Uingereza alikuwako mama mmoja, Stephanie Shirley. Aliingia nchi ile mwaka 1939 akiwa mtoto mkimbizi wa miaka 5. Alipokua akawa mwandishi wa programu, na mwaka 1962 akaanzisha kampuni yake kwa mtaji wa paundi 6. Aliwaajiri wanawake waliokuwa wameacha kazi za kompyuta kwa sababu ya ndoa na watoto, akawaacha wafanye kazi nyumbani kwao. Programu waliziandika kwa penseli na karatasi. Katika wafanyakazi wake 300 wa mwanzo, wanaume walikuwa 3 tu. Barua zake za kutafuta biashara zilikuwa hazijibiwi, basi akaanza kutia sahihi ya jina la kiume, Steve, na milango ikaanza kufunguka. Mteja akipiga simu, aliwasha kanda yenye sauti ya mashine ya kuandikia ili kelele za mtoto zisisikike. Wanawake hao ndio walioandika programu za kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde.

Sasa tusimalizie hapo tukashangilia. Mtoto wake wa pekee, aliyezaliwa mwaka 1963, alikuwa na ulemavu mkubwa wa usonji, na mama huyo alibeba yote mawili kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1970 alizidiwa mpaka akalazwa hospitali. Mtoto alifariki mwaka 1998, na mama mwenyewe akafariki mwaka 2025. Kwa hiyo kufanyia kazi nyumbani si kupumzika, na anayesema hivyo hajawahi kuandika programu huku mtoto akivuta waya. Tunachojifunza kwake ni kwamba kazi hii inaweza kugawanywa vipande, kila mtu akabeba chake, na ndege ikaruka.

Ndugu zetu, elimu hiyo sisi tunayo humu humu ndani. Kila kikao chetu kikifika mwisho, mweka hazina anataja salio kwa sauti, na kila mwanachama analikariri kichwani kabla ya sanduku kufungwa. Tulifundishwa hivyo tangu siku ya kwanza ili fedha zisiibwe. Lakini mweka hazina wetu alipojifungua, tuligundua faida nyingine. Kikao kijacho kilikaa, salio lilijulikana na wote, daftari lilisomeka, mkopo ulitoka. Naye alikaa nyumbani na mtoto wake bila kupigiwa simu hata moja, akarudi akakuta kiti chake kinamsubiri.

Kule makazini kwetu mambo huwa kinyume. Mara nyingi mtu mmoja ndiye anayejua mtambo fulani unavyowashwa, na anajivunia kujua peke yake akidhani huo ndio ulinzi wa kazi yake. Siku akiuguliwa, hawezi kuondoka. Siku akijifungua, simu inamfuata wodini. Na wakubwa wakichoka kumfuata, wanamtafuta mwingine asiye na mimba. Kwa hiyo tumekubaliana sisi kwa sisi kwamba kila mmoja aandike kazi yake hatua kwa hatua, kwa lugha nyepesi, na awe na mwenzake mmoja aliyewahi kuifanya kwa mkono wake. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, walisema wahenga, mpaka siku utakapoubeba. Basi tuubebe kabla.

Tarehe ya kutoa programu mpya inaweza kusogezwa, na husogezwa kila mara kwa sababu ndogo ndogo. Tarehe ya kujifungua haisogezwi. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba, wa kidato cha nne ni Novemba, na mtoto anataka kumwona mama asubuhi ile. Kwa nini kila siku kinachosogezwa kiwe ni kile cha mtoto?

Baada ya kusema hayo, tunaleta maombi yetu mbele ya mkutano huu.

Kwanza, mfuko wetu wa jamii mpaka sasa unatoa rambirambi na pole ya mgonjwa. Tunaomba lifunguliwe ndani yake fungu la kurudi kazini. Mwanachama aliyejifungua akopeshwe bila riba, na aanze kurejesha baada ya miezi mitatu. Kwa mwenye genge itakuwa kujaza meza upya. Kwa fundi cherehani itakuwa vitambaa. Kwetu sisi itakuwa posho ya mlezi, bando la intaneti na ada ya mtihani wa cheti. Fungu hili lisiwe la watu wa kompyuta peke yao, maana uzazi hauchagui kazi.

Pili, kila Januari tuandike kalenda moja ya kikundi. Kila mwenye jambo analolijua alitaje: kipaimara, mahafali, harusi, mwezi wa kujifungua. Idi hutegemea mwezi kuandama, kwa hiyo iwekewe siku mbili. Nasi wa zamu tutaipeleka kazini mapema, tubadilishane zamu kwa heshima badala ya kuomba ruhusa dakika ya mwisho huku tunalia.

Tatu, tunawaomba wenzetu wa fani, na baadhi yenu mmekaa hapo nyuma, mikutano mingine iwe saa za kazi. Mama akija na mtoto mgongoni asitazamwe kama amepotea njia, na aliyekosa kwa sababu ya uzazi apelekewe yaliyofundishwa.

Nne, mama zetu na shangazi zetu, tunawaomba mtupokee. Tukifika kwenye shughuli tumechelewa, tumeshika simu, tukatoka nje kidogo, msiseme tumejiona. Tupeni sufuria tuoshe baadaye. Tutaosha.

Yule mwenzetu wa miezi sita tunamwambia mbele yenu wote kwamba karatasi ya daktari tutaipeleka pamoja naye, na kazi yake wawili wetu wameanza kujifunza wiki hii. Akijifungua salama, asiwe na haraka ya kushika simu. Salio tunalijua.

Miaka kumi iliyopita waasisi wetu walianza na sanduku tupu, wakachekwa. Leo watoto wamesoma na nyumba zimeezekwa kwa haba na haba ile ile. Miaka kumi ijayo, tungependa asimame hapa binti wa mmoja wenu, fundi wa mitambo, mwenye watoto wake, aeleze kazi yake bila kulazimika kueleza alivyonusurika kuiacha.