Java Ipo, Ajenti Haioni: Ugunduzi wa Michakato ya Java katika Seva za Thika na Ruiru

Mada iliyoandaliwa kwa warsha ya maafisa wa TEHAMA wa Thika na Ruiru, Kaunti ya Kiambu

Utangulizi

Waandaaji waliagiza mada ianze kwa kufafanua istilahi, na agizo limetiiwa kwa ufupi. Ajenti ya ufuatiliaji ni programu ndogo inayokaa ndani ya seva na kupeleka taarifa zake kwenye kituo kikuu. Zabbix, ambayo ajenti yake husikiliza poti 10050, ni mfano unaofahamika. Mchakato ni programu iliyo kazini, yenye namba yake. Mashine pepe ya Java ni injini inayoendesha programu za Java. Ugunduzi ni hatua ya ajenti kujitafutia michakato bila kuorodheshewa. Hayo yanatosha. Hakuna aliyepanda matatu kutoka Juja ili aje kusomewa kamusi.

Java yenyewe iko karibu nasi kuliko wanavyodhani wapanga bajeti. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa, ilianza kutengenezwa mwaka 2004 kutokana na mahitaji ya mpango wa AMPATH huko Eldoret, ikaanza kazi hukohuko mwaka 2006. KenyaEMR, inayotunza rekodi za wagonjwa katika kliniki nyingi nchini, imejengwa juu yake. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliotoka Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo Kenya iliianzisha kitaifa kupitia mtandao mwaka 2011, nayo ni Java. Mifumo hii kwa kawaida huendeshwa ndani ya Tomcat, seva ya programu za Java. Huduma za afya zilipogatuliwa mwaka 2013, kaunti zilirithi majengo, wafanyakazi na, pole pole, vyumba vya seva. Afisa mmoja anaweza kuwa na seva Ruiru na nyingine Thika, na foleni ya Barabara Kuu ya Thika katikati. Bila ufuatiliaji wa mbali, anaishi barabarani.

Dalili

Dalili haibadiliki. Karani wa mapokezi anafungua rekodi za wagonjwa bila shida. Famasia inatoa dawa. Amri ya ps ndani ya seva inaonyesha Java ikila kumbukumbu yake kama kawaida. Lakini kwenye skrini ya ufuatiliaji, orodha ya michakato ya Java ni tupu.

Ubaya wake ni kwamba orodha tupu hailii. Mchakato ambao haukugunduliwa hauwezi kuripotiwa kwamba umekufa, hivyo skrini hubaki ya kijani siku mfumo unapoanguka, na habari huletwa na muuguzi kwa simu. Kuna kituo kimoja, jina si lazima, kilichoshauriwa na mkandarasi wake kununua leseni zaidi za ufuatiliaji. Kilichokosekana ni mstari mmoja wa mpangilio.

Sababu nyepesi

Zipo sababu zinazotatuliwa kabla chai haijapoa. Tomcat ikianzishwa kupitia jsvc, mchakato huitwa jsvc, na ajenti inayotafuta neno java hupita kando yake. Debian na Ubuntu zilimpa mtumiaji wa Tomcat jina la tomcat7, kisha tomcat8, na kuanzia toleo la 9 akawa tomcat tu. Aliyeboresha seva bila kugusa kichujio cha ajenti amejipofusha mwenyewe. Kabla ya toleo 4.2 la mwaka 2015, kiini cha Linux kilitoa baiti 4,096 tu za amri iliyoanzisha mchakato. Amri za Java ni ndefu, orodha ya maktaba hutangulia na jina la programu huja mwishoni, kwa hiyo kinachokatwa ndicho hasa ajenti inachokitafuta. Java ya OpenJ9, yenye asili yake IBM, haiachi alama zilezile za HotSpot, mashine pepe iliyozoeleka. Na pale ajenti inapotumia JMX, kiolesura cha Java cha usimamizi, kupitia mtandao, poti ya pili huchaguliwa kwa nasibu na kuzuiwa na faiwoli, mpaka mtu aipangie namba maalumu, jambo ambalo limewezekana tangu enzi za Java 7.

Hizo zimeandikwa katika kila mwongozo. Mada hii inaziacha hapo.

Tatizo lenyewe: nani anauliza, na anaulizia wapi

Java ya HotSpot inapowaka huandika faili ndogo ndani ya /tmp, katika saraka iitwayo hsperfdata ikifuatiwa na jina la mtumiaji, na faili hupewa namba ya mchakato. Amri ya jps haifanyi miujiza yoyote: husoma saraka hizo tu. Ajenti nyingi hufanya vivyo hivyo. Zikitaka kuingia ndani zaidi, huacha faili ya .attach_pid, hutuma ishara ya SIGQUIT, kisha husubiri Java ifungue soketi ya .java_pid ndani ya /tmp. Ni kama kubisha hodi: mwenye nyumba hutazama kwanza nani yuko mlangoni.

Hapo kuna masharti mawili ambayo wauzaji hawayasemi kwa sauti. Mbishaji awe mtumiaji yuleyule anayeendesha Java, na wote wawili waione /tmp ileile.

Sharti la kwanza huvunjika siku ya kwanza. Ajenti ya Zabbix hukimbia kama mtumiaji zabbix, Tomcat kama tomcat. Anayedhani root atamaliza mambo asubiri kidogo: Java za zamani, ikiwemo Java 8 ambayo OpenMRS imeitegemea kwa miaka mingi, zilikataa faili iliyowekwa na root, zikadhani ishara ile ni ombi la kuchapisha hali ya nyuzi zote. Ndiyo maana catalina.out, logi ya Tomcat, hujaa kurasa za maneno “Full thread dump” ambazo hakuna aliyeziomba. Afisa akiziona asizifute; ni ushahidi kwamba ajenti ilifika na kukataliwa. Na ole wake aliyeanzisha Java ya zamani kwa chaguo la -Xrs: pale SIGQUIT haishikwi na Java kabisa, na ufuatiliaji unaweza kukiua kile ulichotumwa kukichunga.

Sharti la pili ndilo limepoteza usiku mwingi zaidi. Huduma ya tomcat9 katika Debian huja na mpangilio wa PrivateTmp=yes, unaoipa Tomcat /tmp yake ya faragha. Kwa usalama ni jambo jema. Kwa ajenti iliyo nje, ni ukuta: inachungulia /tmp ya wote, haikuti kitu, inaripoti kwamba hakuna Java. Haidanganyi. Imeangalia chumba kingine. Kontena huleta shida hiyohiyo pamoja na nyingine, kwa kuwa mchakato ulio namba 1 ndani ya kontena una namba tofauti kabisa nje. Zana za Java zilianza kulielewa hilo katika toleo la 10.

Kisha kuna usafishaji. Katika seva nyingi systemd hufuta vilivyolala ndani ya /tmp kwa siku 10, na hati za usafi zilizoandikwa na maafisa wetu hufuta bila kuuliza umri. Soketi ya .java_pid ikifutwa, Java ya zamani huamini bado ipo, haitengenezi nyingine, na dawa ni kuizima na kuiwasha upya. Ajenti iliyoona vizuri jana hupofuka leo bila mtu kugusa chochote.

Kenya ina chanzo chake cha ziada cha upofu huu: umeme. Usiku wa 25 Agosti 2023 giza lilifunika sehemu kubwa ya nchi, na kukatika kudogo kwa mitaa huja bila kutangazwa. Umeme ukirudi, mganga anasubiri, afisa anaingia kwa haraka na kuwasha Tomcat kwa mkono, kwa sudo na startup.sh. Mfumo unafunguka, kila mtu anashukuru. Ila Java sasa inaendeshwa na root, nje ya systemd, na mpangilio wote uliofanywa kwa ajili ya mtumiaji tomcat hauna kazi tena. Logi nazo zimekuwa mali ya root, kwa hiyo huduma ikirudishwa kwa njia sahihi inaweza kugoma.

Ni haki kutaja pia wanaoficha Java kwa makusudi. Mwaka 2015 mhandisi Evan Jones alieleza jinsi uandishi wa faili za hsperfdata ulivyoweza kuisimamisha Java pale diski inapolemewa. Hifadhidata ya Cassandra ikachukua chaguo la PerfDisableSharedMem, linalozuia faili hizo. Mtengenezaji programu aliyenakili mpangilio huo amefanya jambo la busara. Kosa ni kutomwambia anayefuatilia.

Tahadhari

Mada hii haipendekezi ajenti ipewe root kila mahali. Anayeweza kujiunganisha na Java anaweza kuchota kumbukumbu yake yote, na ndani yake mna majina na vipimo vya wagonjwa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haina msamaha kwa sababu ajenti ilikuwa inatafuta Tomcat. Uamuzi wowote wa kuipa ajenti root uandikwe na kutiwa sahihi na mwenye mamlaka.

Mapendekezo

Inapendekezwa, kwanza, kila seva iwe na orodha ya michakato inayotakiwa kuwepo, na kengele ilie orodha ya ugunduzi inapokuwa tupu. Ugunduzi usiachiwe peke yake. Pili, uchunguzi uanze kwa kukagua mtumiaji, si mtandao: linganisha mwenye mchakato wa Java na mwenye ajenti, kisha endesha jps kwa jina la kila mmoja. Tatu, PrivateTmp ikaguliwe kwa amri ya systemctl show kabla ya kumpigia mkandarasi. Nne, startup.sh isitumike kwa mkono. Tomcat iwashwe kwa systemctl, hata giza likiwa limetoka tu kuondoka, hata mganga akiwa mlangoni. Tano, hati za usafi ziruke hsperfdata na .java_pid.

Inapendekezwa vilevile pale inapowezekana kuachana na ugunduzi wa kubisha hodi, na badala yake programu ya kupima, mfano JMX exporter ya Prometheus, iwekwe ndani ya Java tangu inapowaka, ili isihitaji /tmp ya mtu. Jina la mtumiaji wa Tomcat likaguliwe kila seva inapoboreshwa, kwa sababu iliyokwisha kutajwa. Chaguo la -Xrs litafutwe na kuondolewa. Mkataba wa ununuzi ueleze ajenti itakimbia kwa mtumiaji gani na itaona /tmp ipi; ofisi za manunuzi, kwa heshima zote, zimezoea kuuliza idadi ya leseni pekee. Orodha tupu ipigiwe kengele, jambo ambalo limesemwa hapo juu na litasemwa tena katika mafunzo ya vitendo.

Mafunzo hayo yafanyike kwenye seva ya majaribio yenye Tomcat kutoka vifurushi vya Debian, ajenti iliyowekwa bila kubadilishwa chochote, na umeme ukatwe katikati ya zoezi.