Sakafu Mpya Haiponyi Boriti Iliyooza



Mau Narok iko juu ya mgongo wa Mau, zaidi ya futi 8,000 kutoka usawa wa bahari. Ni nchi ya ngano, viazi na pareto, yenye baridi na ukungu mwingi. Nyumba za mbao zenye sakafu iliyoinuliwa juu ya ardhi zimekuwako huko tangu zamani za walowezi, kabla ya uhuru wa 1963.

Lakini unyevu ni adui wa sakafu hizo. Mwenye nyumba huona ubao umebonyea karibu na mlango, akanunua mbao mpya na kuzigongomea juu ya zile za zamani. Kazi hupendeza macho kwa msimu mmoja. Kisha mguu wa mzee au wa mtoto hutumbukia, na fedha zimepotea mara mbili.

Fundi mwenye busara huanzia chini. Hung'oa mbao mbovu, akachoma kila boriti kwa ncha ya bisibisi. Ncha ikizama kwa urahisi, boriti hiyo imeoza. Huondoa sehemu iliyooza, akafunga kwa boliti boriti mpya ubavuni mwa ile ya zamani, ikipita mahali pabovu pande zote mbili hata kufikia mti mzima. Mtarakwa hustahimili kuoza kuliko msaipresi.

Kabla ya kufunika, chanzo cha maji hakina budi kuondolewa. Yafaa mabati yanayovuja yazibwe, maji ya paa yaelekezwe mbali, na matundu ya hewa chini ya nyumba yafunguliwe, yakiwekewa wavu wa kuzuia panya. Kuvu iozeshayo mti haistawi katika mti mkavu.

Ndipo huja kusawazisha, kwa uzi, pimamaji na ubao mrefu ulionyooka. Palipoinuka hupigwa randa. Palipobonyea huwekwa vipande vyembamba vya mti mgumu juu ya boriti, wala si makaratasi wala udongo.

Mbao mpya ziwe kavu, nazo zikae ndani ya nyumba majuma mawili hivi zizoee hali yake. Ncha zake zikutane juu ya boriti, na nafasi ya nusu inchi iachwe ukutani, kwani mbao huvimba wakati wa mvua.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Aitengenezaye boriti leo hatajenga sakafu nzima kesho.